PhD ukiwa Mombasa: inalipa wapi, na wapi haiongezi kitu

Karo ya PhD hulipwa kwa mshahara, kwa mkopo wa sacco, pengine kwa kipande cha shamba kilichouzwa Kwale. Licha ya gharama hiyo, watu wengi hujiandikisha bila kuuliza maswali ambayo wangemuuliza mtu anayewauzia pikipiki iliyotumika. Hapa tunaikagua kama huduma nyingine yoyote inayouzwa: unatoa nini, unapata nini, inakwama wapi, inamfaa nani. Tunamlenga mtu aliye Mombasa au karibu, mwenye shahada ya uzamili tayari, anayefikiria kujiandikisha TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au chuo cha Nairobi kwa mtandao na safari za SGR.

Hukumu yetu ni hii. PhD inalipa pale ambapo pana kazi isiyopatikana bila hiyo, na kazi hiyo ina bajeti ya kudumu. Likikosekana la kwanza, kisomo kinazidi kazi. Likikosekana la pili, kazi inalingana na kisomo lakini pesa haziji. Kinachoamua utaangukia upande gani ni fani uliyosomea, kuliko jina la chuo na kuliko alama zako.

Mlango mkubwa kabisa nchini ni uhadhiri. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliweka vigezo vilivyoifanya PhD kuwa sharti la cheo cha mhadhiri, na waliokuwa wakifundisha kwa uzamili wakapewa miaka mitano waikamilishe. Ngazi za vyuo vya umma zinafahamika: daraja la 11 kwa mhadhiri msaidizi, 12 kwa mhadhiri, 13 kwa mhadhiri mwandamizi, 14 kwa profesa mshiriki na 15 kwa profesa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha ajiriwa daraja la 11 ana sababu safi ya kuitafuta PhD, maana bila hiyo hapandi. Lakini kuipata hakumpandishi siku hiyo hiyo. Anapanda nafasi ikitangazwa, akaomba, akahojiwa, na chuo kikawa na fedha za kuijaza. Wapo wenye PhD kabatini wanaoendelea kulipwa daraja la 11 kwa sababu idara yao haijatangaza nafasi.

Na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba si lazima uwe ndio unaoingia benki. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, na moja ya hoja zake kuu ilikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Yaani nyongeza iliyokubaliwa ilikuwa bado inadaiwa miaka minne baada ya kipindi chake kwisha. Ukipiga hesabu ya PhD kwa kutumia jedwali la mishahara peke yake, umepiga hesabu nusu.

Tofauti kati ya fani na fani imepimwa vizuri zaidi nchi za nje. Mwaka 2009 Bernard Casey alichapisha uchambuzi wa mapato ya wanaume Uingereza. Wenye shahada ya kwanza walipata asilimia 14 zaidi ya wale ambao wangeweza kwenda chuo lakini hawakwenda. Wenye uzamili walipata asilimia 23 zaidi, na wenye PhD 26. Angalia pengo la mwisho: miaka yote ile ya tasnifu inaongeza pointi tatu tu juu ya uzamili. Ukiigawa kwa fani, picha inakuwa kali zaidi. Katika hisabati na kompyuta, sayansi za jamii na lugha, mwenye PhD hakupata zaidi ya mwenye uzamili. Katika uhandisi, usanifu majengo na elimu, faida ya PhD ilikuwa ndogo kuliko ya uzamili. Iliyobaki na faida ya kuonekana ni tiba, sayansi nyingine, na masomo ya biashara na fedha.

Hizo ni namba za Uingereza, hatuzileti hapa kama bei za Mombasa. Kinachosafiri vizuri ni sababu zake. Mhandisi aliyekaa miaka mitano maabara amekosa miaka mitano ya kazi za uwanjani, na soko la uhandisi hulipa kazi za uwanjani. Mtu wa lugha anapigania nafasi zile zile chache za chuo na wenzake wengi waliohitimu kama yeye. Utafiti wa Duncan na Hoffman wa Marekani, wa 1981, ulionyesha jambo ambalo wengine wamelikuta tena na tena tangu hapo: mwaka wa masomo ambao kazi haiuhitaji hulipwa, lakini hulipwa kidogo, takriban nusu ya mwaka ambao kazi inauhitaji. Kisomo cha ziada hakitupwi chote. Kinauzwa kwa bei ya chini.

Kabla ya kufika kwenye fani za huku Pwani, tahadhari moja kuhusu takwimu za kisomo kuzidi kazi, kwa sababu zinapotosha watu wengi. Wanatakwimu hupanga kazi kwa mfumo wa kimataifa wa ISCO-08. Katika mfumo huo mhadhiri wa chuo kikuu ana namba 2310 na mwalimu wa sekondari 2330. Wote wako kundi kuu la pili, la wataalamu, na ngazi ile ile ya juu ya ujuzi. Kwa hiyo mwenye PhD anayefundisha kidato cha tatu Changamwe anahesabika kuwa yuko mahali pake. Aliyekuwa karani anahesabika kuzidi kazi, sawa, lakini mwalimu huyu haonekani kabisa. Ndiyo maana utafiti unaowauliza wahitimu wenyewe kama kazi yao inatumia walichosomea mara nyingi hutoa picha tofauti na utafiti unaosoma majina ya vyeo. Ukiona asilimia imetajwa, tafuta kwanza ilipimwa vipi.

Kisha kuna kuchanganya mambo mawili: kuzidi kazi na kulipwa vibaya. Meneja wa benki mwenye PhD ya usimamizi amezidi kazi na analipwa vizuri. Mtafiti wa biolojia Marekani aliyetoka tu kutetea tasnifu yuko katika kazi inayodai PhD kabisa, na kiwango cha kuanzia cha ruzuku ya taasisi ya afya ya taifa, NIH, kwa 2024 kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, wakati mwenzake wa kompyuta anaweza kuingia moja kwa moja kwenye kampuni kwa malipo ya juu zaidi. Jiulize ni lipi kati ya hayo mawili linakuuma, maana tiba yake si moja.

Sasa Pwani. Sayansi ya bahari ndiyo fani ambayo Mombasa inaizidi Nairobi, na tunaipa nyota nne kati ya tano. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina makao yake Mkomani, shirika la utafiti la CORDIO linafanya kazi za matumbawe kutoka hapa hapa mjini, Chuo Kikuu cha Pwani kina idara zake Kilifi, na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa ukanda mzima wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Hapa mlango wa PhD ni wa kweli: anayeongoza mradi, anayeandika ombi la ruzuku na jina lake likawekwa mbele, kwa kawaida ni mwenye PhD. Nyota ya tano tunaizuia kwa sababu ya mkataba. Kazi nyingi za fani hii hufuata mradi, mradi una miaka miwili au mitatu, na mshahara unakoma mradi ukikoma.

Na fani hii ina gharama ambayo broshua ya chuo haiitaji, nayo ni kalenda ya bahari. Anayehesabu samaki, nyasi za bahari au matumbawe kwenye mwamba unaokauka anahitaji maji ya bamvu, yaani siku chache tu kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu hayamfai, mwamba haufunuki. Kazi ya kuzamia nayo inataka kaskazi, bahari ikiwa tulivu na maji meupe. Kusi ikishaingia, mashua haitoki, au inatoka na mtafiti haoni kitu chini. Kwa hiyo kibali kikichelewa hadi Machi mwishoni, umepoteza msimu, na msimu unaofuata uko Novemba. Miezi saba hadi minane ya karo na kodi ya nyumba imeondoka bila takwimu hata moja. Mpango wa utafiti uanze na jedwali la kusi na kaskazi, kisha urudi nyuma hadi tarehe ya kuomba kibali: kwanza kamati ya maadili, halafu NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo leseni yake ya utafiti hudumu mwaka mmoja, halafu kuripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kugusa uwanja.

Afya inataka kugawanywa. Daktari wa hospitali anayetaka kuwa bingwa anahitaji MMed, yaani uzamili wa tiba. Hiyo ndiyo inayomwezesha kutambuliwa na baraza la madaktari kama mtaalamu wa upasuaji, watoto au nyinginezo. PhD juu yake ni kwa anayetaka utafiti. Lakini kwa mtu wa takwimu za afya, maambukizi au kinga ya mwili, PhD ni chombo cha kazi, na kilomita 60 tu kaskazini mwa Mombasa uko mradi wa utafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome, Kilifi, ulioanza 1989. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba ukipata nafasi yenye ufadhili unasoma ukilipwa, na gharama za maabara zinabebwa na mradi. PhD ya kulipiwa na ya kujilipia ni bidhaa mbili tofauti hata kama cheti ni kimoja.

Biashara na usimamizi ndiko tunakoona pesa nyingi zikipotea, na wanaozipoteza ni watu wa bidii wasiostahili hasara hiyo. Wengi wanafanya kazi bandarini, kwenye kampuni za kuondoa mizigo, benki na kaunti. Wanajiandikisha kwa matumaini ya kupanda cheo. Basi chukua tangazo la kazi unayoitamani, usome mstari wa sifa neno kwa neno. Kwa meneja wa ununuzi utaona shahada ya kwanza, uzamili kama nyongeza, uanachama hai wa KISM, taasisi ya wataalamu wa ununuzi, na miaka ya uzoefu. Kwa mhasibu ni CPA. Kwa rasilimali watu ni cheti cha IHRM, taasisi ya fani hiyo. Hata waziri wa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka awe na shahada ya kwanza tu na uzoefu. Kama PhD haipo kwenye mstari huo, mwajiri hana kisanduku cha kuilipia. Huko Uingereza fani hii ilionyesha faida, lakini usikimbilie kuitumia namba hiyo: mwenye PhD ya biashara kwa kawaida ana umri mkubwa na uzoefu mrefu, na sehemu ya mshahara wake ni malipo ya miaka hiyo, hata asingesoma. Nyota mbili, na tatu ikiwa tayari una ahadi ya maandishi ya kazi ya kufundisha.

Uhandisi na kompyuta tunapita haraka. Mhandisi anapata mamlaka ya kutia sahihi michoro kwa kusajiliwa na bodi ya wahandisi, EBK. PhD haimpi mamlaka hayo. Mtu wa programu anaajiriwa kwa kazi alizokwisha kufanya. Ukitaka kufundisha, sawa. Vinginevyo uzamili unatosha.

Ualimu na Kiswahili tunaviandika kwa uchungu. Mji huu una miswada ya tenzi kwenye masanduku ya nyumba za Mji wa Kale, lahaja zinazopotea na wazee wanaozijua, na taasisi ya RISSEA iliyoanzishwa kwa ajili ya utafiti wa Uswahili. Kazi ya kiwango cha uzamifu, yaani PhD, ipo tele. Mishahara yake ndiyo haipo. Mwalimu mwenye shahada ya kwanza ya elimu huingia TSC, tume ya walimu, daraja la C2, na hakuna daraja la mwalimu wa sekondari linalodai PhD. Mwalimu anayesoma uzamifu huku akifundisha atabaki kwenye daraja lake mpaka apandishwe kwa vigezo vingine. Tunamshauri afanye PhD ya Kiswahili ikiwa ana ufadhili, au ikiwa chuo kimekwisha kumwajiri na kinamsubiri aikamilishe. Kwa mkopo, hapana.

Kuhusu mkopo, hesabu ifanywe kwenye karatasi. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, weka zako. Tuseme karo ni 150,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kisha miaka miwili ya kuongezewa muda kwa 50,000, maana watu wengi hawamalizi kwa mitatu. Ongeza 300,000 za uwanjani: wasaidizi, usafiri, vipimo, kunakili mahojiano, kuchapisha. Jumla 850,000. Tuseme PhD inakutoa mshahara ghafi wa 90,000 hadi 120,000. Nyongeza ni 30,000, lakini toa bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha kodi ya asilimia 30 kwa kinachobaki. Unabaki na takriban 20,100, kabla ya NSSF. Gharama zinarudi baada ya miezi kama 42, kuanzia siku nyongeza inapoanza kulipwa, si siku ya mahafali.

Ikiwa nyongeza ni 10,000 tu, kinachofika mfukoni ni 6,700, na marejesho yanachukua zaidi ya miaka kumi. Na kama pesa hizo ni za mkopo wa sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 8,500. Nyongeza yako haifikii hata riba. Na ukichukua likizo bila malipo kwa mwaka mmoja, umeacha 1,080,000 za mshahara ghafi, zaidi ya gharama zote tulizotaja zikiwekwa pamoja. Hiyo likizo ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ndiyo isiyoandikwa popote.

Mengine yanayokwamisha yanajulikana, na mengi yanaweza kuulizwa kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Msimamizi: ana wanafunzi wangapi wa PhD sasa, wangapi wamemaliza chini yake na kwa miaka mingapi, na atastaafu lini. Msimamizi akiondoka katikati, anayempokea mara nyingi anataka sura ya nadharia iandikwe upya. Chuo: tangu tasnifu iwasilishwe hadi siku ya kuitetea hupita muda gani, kwa sababu mtahini wa nje hukaa nayo miezi na wewe unaendelea kudaiwa. Omba majibu hayo kwa wanafunzi waliomaliza karibuni katika idara ile ile, usiridhike na kitabu cha mwongozo. Makala: vyuo vingi vinadai mawili yaliyochapishwa kabla ya kuhitimu, na hapo ndipo majarida feki yanapowanasa watu. Jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa ada halina wahakiki. Kamati ikilikataa, umelipa na unaanza upya. Makala ya kwanza ipelekwe kwa jarida mara tu sura ya kwanza ya matokeo inapokamilika, maana uhakiki wa kweli huchukua miezi.

Mwisho, kazi ya muda chuoni, ambayo ndiyo wengi wanaipata kwanza baada ya kuhitimu. Somo moja ni saa 42 au 45 za darasa kwa muhula. Tuseme linalipwa 42,000, ni mfano tena. Saa 42 za kufundisha, saa nyingine 42 za kuandaa, na karatasi 120 za mtihani kwa dakika 15 kila moja, yaani saa 30. Jumla saa 114, sawa na shilingi 368 kwa saa, bila kuhesabu nauli wala majaribio ya katikati ya muhula. Ukikubali, usiingie darasani kabla ya kushika barua ya uteuzi yenye kiwango na idadi ya saa. Weka nakala ya orodha ya vipindi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti wa idara kila mwezi. Wasilisha fomu ya madai pamoja na alama, na uhakikishe imepokewa na kugongwa muhuri kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Dai linalofika Julai huhesabiwa kama deni la mwaka uliopita, na madeni hayo ndiyo hulipwa ya mwisho.